Kisima Kilichohamia Baharini

Siku hizi kila mradi unaoletwa Lamu, uwe hoteli, uwe mpango wa maji, uwe mtaa mpya upande wa Hindi kule bara, huja na ripoti nene, na ndani ya ripoti mna ramani. Si zile ramani za zamani za mistari myeusi na majina ya vijiji yaliyokosewa. Hizi zina rangi: buluu palipo na maji matamu, kisha kijani, kisha njano, halafu wekundu unaoingia polepole kutoka ufukweni. Vishale vidogo vinaonyesha maji yanakoelekea chini ya ardhi. Zinatokana na kuunganisha programu mbili ambazo zamani kila moja ilikaa kivyake: ile inayokokotoa mtiririko wa maji ya ardhini, na mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao wengi wetu tunauita GIS basi. Barazani watu huzipokea kwa njia mbili. Kuna wanaosema sayansi imeshasema, tusiongeze neno. Na kuna wanaozikunja wakajipepea nazo. Mimi naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja: zinadhani kilicholetwa ni ramani.

Kilicholetwa ni hesabu, na hesabu hiyo imejaa mambo ambayo mtu fulani, ofisini kwake, aliamua kuyachukulia kuwa kweli. Faida ya kuunganisha modeli ya maji, yaani hesabu ya kompyuta inayoiga mwendo wa maji ya ardhini, na GIS haiko kwenye rangi. Iko kwenye jambo ambalo haliongelewi: kila namba iliyotumika sasa ina mahali pake juu ya ardhi, kwa hiyo mtu anayekaa mahali pale anaweza kuinyooshea kidole na kuuliza imetoka wapi. Asipopewa nafasi ya kuuliza, faida yenyewe imepotea, na kilichobaki ni picha nzuri. Na katika kisiwa kama hiki chetu ipo namba moja ambayo ikikosewa, hesabu nzima huanguka hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Nitaifikia.

Kwanza tukumbushane tunaishi juu ya nini. Mji wa Lamu haunywi maji ya mto. Unakunywa mvua iliyoanguka kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Mchanga ule hauachi maji yatiririke juu. Mvua ya masika ikipiga, humezwa palepale, ikashuka mpaka ikakuta maji ya bahari yaliyojaa chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hayazami, hukaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, ingawa ukiyakoroga kwa pampu huchanganyika kwa namna ambayo mafuta hayachanganyiki. Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kanuni ambayo ingefaa kuandikwa kwenye kila ukuta wa ofisi inayotoa kibali cha kisima Lamu: kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 za maji matamu. Kanuni hii inasomeka vizuri ikisomwa mbele. Isome kinyumenyume. Pampu ikishusha maji ya kisima kwa sentimita 25 tu na kuyaweka hapo muda mrefu, chumvi inatafuta kupanda mita 10.

Watu wa visiwa hivi hawakungoja Wazungu kulijua hilo. Vuka mkono wa bahari uende Takwa, kwenye kisiwa cha Manda. Mji ule wenye msikiti na kaburi la mnara uliachwa katika karne ya 17, na kisima kugeuka munyu hutajwa miongoni mwa sababu zilizowahamisha watu wake kuja Shela. Mpaka leo watu wa Shela huvuka kwenda kaburini pale kuomba mvua. Na kwenye visiwa ambavyo chini yake maji matamu ni haba, watu walijenga majabia ya kukinga maji ya mvua, kwa sababu walishajua kwamba kuchimba zaidi hakutasaidia. Historia yetu ya maji, kwa hivyo, ni historia ya visima kugeuka munyu. Modeli inachotafuta ni kujua lini na wapi, kabla kisima hakijageuka.

Upande wa programu, jina linalotajwa mno ni MODFLOW, ya Shirika la Jiolojia la Marekani, iliyotoka mwaka 1984 na bado inaendelezwa. Toleo la sita lilitolewa mwaka 2017. Msingi wake ni mkongwe zaidi: mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi wa maji wa mji wa Dijon, Ufaransa, alipitisha maji kwenye bomba lililojazwa mchanga akapima yanapita kwa kasi gani. MODFLOW huchukua ardhi, ikaikata vyumba vya mraba kwa safu na tabaka, kisha kwa kila chumba ikauliza: yameingia maji kiasi gani, yametoka kiasi gani, na chumba cha jirani kina maji yaliyosimama juu zaidi au chini zaidi? Miaka ya mwanzo namba hizo ziliandikwa kwa mkono kwenye faili za maandishi, safu kwa safu. Nafasi moja ikizidi mahali pasipotakiwa, kisima chako kikawa na mvua ya jirani. GIS nayo ilikuwa na kazi yake: mipaka ya viwanja, barabara, visima, aina za udongo, mitaa. Kuwakutanisha hawa wawili ni kumpa yule mkokotoaji macho. Unachora eneo la matuta mara moja, na kila chumba kinachoangukia humo kinapata kipimo chake cha mvua inayozama. Unachora mtaa wenye saruji, kiasi kinapungua. Unaongeza hoteli yenye bustani na bwawa la kuogelea, na visima vyake vinaingia kwenye vyumba vyake bila mtu kuhesabu kwa kidole.

Wanaotetea muungano huu wana hoja nzito, na sitaki kuzipita haraka. Ya kwanza ni kwamba modeli isiyounganishwa hufa. Mtaalamu huja, hukokotoa, huandika, huondoka, na faili hubaki kwenye kompyuta yake. Miaka mitano baadaye visima vimeongezeka na hakuna anayeweza kurudia hesabu. Data ikikaa kwenye GIS ya kaunti, kisima kipya ni nukta moja mpya, na hesabu inaendeshwa tena. Ya pili ni kwamba maji ya Lamu hayatengani na mambo mengine yaliyo juu ya ardhi. Karo za vyoo ziko hatua chache kutoka visimani. Nyumba na hoteli zimekuwa zikisogelea matuta. Mchanga wenyewe huchukuliwa kwa ujenzi. Ukiyaweka yote mezani pamoja, unaona ni chumba gani kinapoteza maji kwa sababu gani. Hoja hizi nazikubali.

Kuna hoja yao moja nisiyoikubali hata kidogo, nayo ndiyo inayosikika sana: kwamba ramani haina upande, ni sayansi, haidanganyi. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Niliwahi kukaa kwenye kikao Shela ambapo wataalamu wa mradi mmoja walibandika ramani yao ukutani, na mzee mmoja akasimama, akaivalia miwani, akaiangalia muda mrefu. Kisha akamgeukia yule kijana aliyekuwa akieleza: “Mwanangu, kisima changu leo alfajiri nimekiacha nyuma ya nyumba, nimeteka maji ya udhu. Hapa mbona naona kimo baharini?” Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akasema ni hitilafu ndogo ya uchapishaji.

Haikuwa ya uchapishaji. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa viwianishi, yaani namba za kutaja mahali duniani, unaoitwa Arc 1960, na GPS iliyomo kwenye simu yako hutumia mwingine, WGS84. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukazimwaga kwenye mwingine bila kuzigeuza, kila kitu kinahama takriban mita 300. Bara, kwenye malisho mapana, huenda hata usitambue. Shela, mita 300 ni umbali wa kutoka msikitini hadi majini na zaidi. GIS haikulalamika, kwa sababu haijui kwamba kisima hakiwezi kuwa baharini. Modeli nayo ikapokea kisima kile kama ilivyopewa, ikakipigia hesabu ya maji matamu kikiwa chini ya mawimbi. Aliyeona ni mwenye kisima. Na aliona kwa sababu visima vilikuwa vimewekwa juu ya ramani. Vingebaki kwenye jedwali la namba, kikao kingeisha na kosa likapitishwa kwa kauli moja. Ndiyo maana nasema muungano huu ni mzuri, na ndiyo maana nasema ramani hudanganya.

Sasa ile namba niliyoahidi. Modeli inahitaji kujua maji ya kisima yamesimama juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Anayepima hushusha kamba yenye vipimo kutoka mdomoni mwa kisima hadi kwenye maji. Tuseme anapata mita 4.2. Kinachobaki ni kujua mdomo wenyewe uko juu ya bahari mita ngapi, kisha atoe. Hapo ndipo njia ya mkato ilipo, na muungano na GIS umeifanya iwe tamu mno: badala ya kumleta mpima ardhi na darubini yake, unabofya, na programu inachukua mwinuko kutoka kwenye picha za setilaiti au vyombo vya anga. Data inayotumika sana ilipimwa kwa rada na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari mwaka 2000. Ni data ya ajabu kwa milima na mabonde. Lakini makosa yake ya mwinuko ni ya mita kadhaa, mara nyingi husomea matawi ya minazi na mapaa badala ya ardhi, na matuta ya mchanga ya mwaka 2000 si haya ya leo, upepo wa kusi umekuwa ukiyasukuma tangu hapo.

Piga hesabu mwenyewe. Setilaiti ikisema mdomo wa kisima uko mita 9, toa 4.2, maji yamesimama mita 4.8 juu ya bahari. Zidisha kwa 40: kuna mita 192 za maji matamu chini yako. Utajiri! Toa kibali, jenga, pampu iwake mchana na usiku. Lakini mpima ardhi akija akakuta mdomo uko mita 4.8, maji yamesimama sentimita 60 tu, na hazina yako ni mita 24. Kisima ni kilekile, kamba ni ileile, ramani inapendeza vilevile. Kilichozaa mita 168 za maji yasiyokuwapo ni kosa la mita 4.2 ambalo kwenye mlima mtu angelisamehe. Na hapo sijagusa maji kujaa na kupwa. Kisima kilicho karibu na ufuko kinapumua na bahari. Ukikipima wakati wa bamvua maji yamejaa, na cha jirani ukakipima siku za maji mafu, umelinganisha vitu viwili visivyolingana, na programu itachora kishale cha mtiririko kati yao bila haya.

Kuna kosa lingine la aina hiyohiyo ambalo husahaulika kwa kuwa linafanyika kimyakimya. MODFLOW ya kawaida huhesabu maji yote kuwa na uzito mmoja. Haijui chumvi. Inaweza kukwambia ni mita ngapi za ujazo zitatoka, isikwambie zitakuwa na ladha gani. Kwa kazi ya pwani kuna ndugu yake, SEAWAT, na toleo jipya nalo lina njia ya kuhesabu tofauti ya uzito, lakini zinadai data zaidi na muda zaidi. Mtu aliyezoea kazi za bara, au hata za Baricho ambako Malindi inapata maji yake kutoka kingo za Sabaki na tishio kubwa si bahari, anaweza kuja Lamu na modeli yake ya siku zote, akaiunganisha na ramani ya Lamu, ikafanya kazi bila kutoa onyo hata moja. Swali la kwanza la mwananchi kikaoni lingekuwa hili: modeli yenu inaijua chumvi?

Lingine ni ukubwa wa vyumba. Mji mkongwe wa Lamu, ule uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una eneo la hekta 15.6. Ukikata ardhi kwa vyumba vya mita 100 kwa 100, ambavyo ni vya kawaida kabisa kwenye kazi hizi, Lamu nzima ya kale inakuwa vyumba kama 16. Mitaa ya Mkomani na Langoni, vichochoro ambamo punda wawili hawapishani, visima vya misikiti, karo, majumba ya mawe, vyote vimegeuzwa namba 16. Ndani ya chumba kimoja kisima na karo havina umbali kati yao. Ripoti ikisema haikuona hatari ya uchafu mjini, inawezekana kabisa kuwa kweli haikuona.

Upande wa wapinzani nao nimesikia mambo matatu. La kwanza, kwamba haya ni mambo ya nje, ya gharama, hayatuhusu. Hili halisimami. MODFLOW hutolewa bure. QGIS, programu ya GIS inayotumika dunia nzima, ni bure pia, na Umoja wa Ulaya uligharimia mradi uliotengeneza FREEWAT, kiungo kinachoingiza MODFLOW ndani ya QGIS. Kompyuta ya mkononi ya kawaida inatosha kwa kisiwa kidogo. La pili lina uzito: kwamba wazee wanajua visima vyao, na kompyuta haiwezi kuwazidi. Wanajua kweli. Mtu aliyeteka maji miaka 60 anakwambia ni mwezi gani chai yake hubadilika ladha, na hiyo ni data ya chumvi iliyopimwa kila siku kwa ulimi. Ila ujuzi huo ulipatikana kwa ndoo na kamba. Hakuna mzee aliyeishi Lamu ya pampu zinazovuta usiku kucha kwa wingi tunaoelekea, na chumvi haipandi siku ile unapovuta. Inaweza kuchukua miaka, kisha ikakataa kushuka. Hapo ndipo hesabu inapofaa: kuchukua kumbukumbu za wazee kama kipimo cha kusahihisha modeli, kisha kuuliza modeli kuhusu kesho ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

La tatu ndilo linalonisumbua. Wanasema modeli zitakuwa silaha ya mwenye pesa. Mwekezaji ataleta hesabu, mwananchi hana hesabu, na mwamuzi atafuata mwenye karatasi nyingi. Sina jibu rahisi. Ila nakumbuka kwamba tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa Lamu, na miongoni mwa sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ripoti ile nayo ilikuwa nene. Unene haukuiokoa.

Ushirikishwaji kwenye suala la maji ya ardhini hauwezi kuwa watu kukaa kwenye viti vya plastiki wakioneshwa rangi. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 zinampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Ripoti ikishawasilishwa serikalini kwa ajili ya kibali, kinachopasa kuombwa si nakala ya ramani. Ni faili zenyewe, za GIS na za modeli, pamoja na orodha ya visima vilivyopimwa, tarehe na saa ya kupimwa, na nani alipima mwinuko wa midomo yake na kwa kifaa gani. Kwa kuwa programu ni za bure, kijana yeyote wa Lamu aliyesomea upimaji au jiografia anaweza kuzifungua nyumbani kwao na kuendesha hesabu upya kwa mvua pungufu au pampu mbili zaidi. Mtaalamu akikataa kutoa faili kwa madai kwamba ni siri ya kazi, kaunti nayo ina haki ya kuichukulia kazi yake kama maoni tu.

Kaunti pia ina kazi yake kabla ya kumlipa mtu yeyote atengeneze modeli. Kupima kwa darubini mwinuko wa midomo ya visima vya matutani na vya mjini ni kazi ya wiki chache kwa kikundi kidogo cha wapima ardhi. Kamba yenye vipimo na kifaa cha mkononi cha kupima chumvi si vitu vya kuandikia mradi wa mamilioni. Vipimo vya kila mwezi, siku ileile ya mwezi mwandamo na saa ileile ili bahari iwe katika hali moja, kwa masika na kiangazi vya miaka michache, vingekuwa na thamani kuliko modeli tatu zilizolishwa picha za mwaka 2000. Najua kazi hiyo haina sherehe ya kukata utepe. Mtu anainama kisimani na daftari, basi. Ila bila yeye, wekundu na ubuluu wa ramani unaamuliwa na mtu ambaye pengine hajawahi kuvuka kuja kisiwani.

Kisima cha yule mzee, kwa taarifa yenu, kwenye toleo la pili la ripoti kilirudishwa nchi kavu. Nilikwenda kukitazama. Kiko nyuma ya ukuta wa jiko, mdomo wake umezungushiwa mawe ya matumbawe yaliyolika kwa kamba, maji yake bado matamu. Nikamwuliza kama kuna aliyekuja kupima urefu wa mdomo ule kutoka baharini. Akasema alikuja mtu, akakipiga picha kwa simu, akaondoka.